Moja na Tatu

Siku hizi vijana wa kwaya wakiniuliza kwa nini niliacha muziki, nawaambia vidole vimezeeka. Ni uongo, na mimi kwa uongo nina historia. Vidole vyangu ni vizima mpaka leo. Niliacha kwa sababu ya mwaka 1981, mwaka niliojifunza kupiga besi la kusimama kule kwenye mashamba ya ngano ya serikali, Hanang. Mke wangu Hilaria hayupo tena duniani wa kuumizwa na habari hii, kwa hiyo nitaisema.

Nilikuwa fundi wa kombaini. Kwetu ni Tlawi, Mbulu, ambako ukifungua mlango unaona kilima, na ukigeuka unaona kingine. Kule Hanang ngano ilienda tambarare mpaka macho yakachoka kutafuta mwisho. Kanada ilituletea mashine pamoja na mafundi, na mmoja wao, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, tulimwita Mkanada kana kwamba hapakuwa na wengine. Rafiki yake aliyemaliza mkataba alimwachia besi, likaja karakana ndani ya sanduku la mbao, katikati ya spea. Tulipolifungua, fundi mwenzangu Sulle alisema gitaa hili limekula ugali wa kambi nzima.

Mkanada alipiga piano ya bwalo, ile yenye funguo tatu bubu. Sulle alikuwa kwenye ngoma. Mke wake Letisia, karani mpiga chapa wa ofisini, aliimba. Aliyejua besi alikuwa Mzee Bashiri, mtunza stoo, mtu wa Katesh, wa familia yenye maduka. Ujanani alipiga besi la namna ile katika bendi za dansi Arusha na Moshi, mpaka mkanda wa injini ukamla vidole viwili vya kushoto. Mwezi wa nane ingekuwapo sherehe ya kufunga mavuno, na Mkanada alitaka jazi yenye besi. Mzee Bashiri akatukagua viganja mmoja mmoja kama anayenunua maksai, akanichagua mimi.

"Hesabu nne," aliniambia siku ya kwanza, saa kumi jioni, ndani ya stoo. "Zako ni moja na tatu."

"Na mbili na nne, mzee?"

"Zina wenyewe."

Akapiga makofi kwenye mbili na nne, nami nikavuta uzi kwenye moja na tatu. Niliona ni kazi ya mtoto. Dakika mbili hazikupita nilikuwa nimeshapachika noti kwenye mbili, nyingine kwenye nne, na moja katikati ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi.

"Nani kakutuma huko?"

"Palikuwa na nafasi."

"Kila nafasi ni kiwanja cha kujenga?"

Mtindo wenyewe ndio huo, kupiga kwa mbili. Moja ni nyumbani, alisema, tatu ni kwa jirani: unatoka nyumbani, unampitia jirani, unarudi, huendi Dodoma. Baadaye, wenye piano na ngoma wakianza kuonyesha ufundi wao, ndipo besi linatembea kwa hatua zote nne. Mimi nilitaka kutembea siku ile ile. Mzee Bashiri akaniambia anayetembea kabla hajajua kusimama ni mlevi.

Kilichonishinda hasa kilikuwa mkono wa kushoto. Nilikuwa navuta uzi, kisha kidole kinaachia mapema, sauti inakatika, panabaki shimo, na shimo lile ndilo nililokuwa nakimbilia kulijaza. "Umeichinja," alikuwa akisema. "Kandamiza. Ishikilie mpaka inayofuata ifike." Sikuweza. Mimi ni mtu wa kujaza. Mkiwa watatu mezani na mazungumzo yamekatika, mimi ndiye nitakayesema mvua imechelewa.

Mwezi wa tano Alfredi, mdogo wake baba, alikuja mpaka getini akaniambia mtoto anaumwa, twende. Fabiola wetu alikuwa wa kwanza, na wa pekee, mwenye miezi saba. Ofisi ikanipa siku nne za mtoto mgonjwa. Tulipofika Dongobesh, tukisubiri gari la Mbulu, ndipo Alfredi aliponiambia kwamba mtoto alishazikwa jana yake. Alisema hakutaka nilie mbele ya watu wa kazini. Nilimchukia siku nzima, kisha nikamwiga miezi mitatu.

Kwetu Wairaqw nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga inawekwa kando. Desturi hiyo tunaiita metimani. Wewe na mkeo mnakaa nyumbani; hamwingii kwa watu, watu hawaingii kwenu. Humpi mtu mkono, huli naye sahani moja, na maji mnachota mahali penu. Mjamzito ndiye wa kukaa naye mbali kuliko wote, maana husemwa kwamba msiba wa namna hiyo huhama. Siku ya kumaliza wanaipanga wazee, na nyumba inaoshwa na wote wawili. Padri hakuipenda desturi hiyo, nasi ni Wakatoliki wa misa kila Jumapili, lakini padri hakuwa na mbuzi wa kuchunga pamoja na wa jirani.

Nilimkuta Hilaria amekaa chini, mgongo ukutani, kitenge amekikaza kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka. Alisogea kidogo ili nikae. Nilikaa siku mbili. Nilipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji, nikarekebisha mlango usio na ubovu. Yeye alikaa tu, akitazama mahali mtoto alipokuwa akilazwa, na kila nilipotaka kusema neno aliinua mkono kidogo, bila ukali, akinionyesha kwamba si lazima. Siku ya tatu nilimwambia kombaini zinatengenezwa kabla ya mavuno, nisipoonekana nitafukuzwa. Nusu yake ilikuwa kweli. Ukweli mzima ni kwamba nilikuwa naikimbia nyumba ile.

"Utarudi lini?"

"Mavuno yakiisha. Mwezi wa nane tutamaliza pamoja."

"Basi nitakaa kwa ajili yetu wote wawili," alisema.

Getini nilimkuta Bura, mlinzi, Mwiraqw mwenzangu wa Bashay. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa.

"Baba Fabiola, karibu tena. Mtoto anaendeleaje?"

Ningesema neno lile, mkono ule ungerudi. Nusu ya karakana walikuwa watu wa kwetu. Hakuna ambaye angekula nami, na Sulle asingemruhusu mkewe asimame karibu na besi langu. Lakini hayo niliyafikiria baadaye, nikitafuta sababu. Pale pale sikufikiri kitu. Niliupokea mkono wa Bura nikasema, "Amepona."

Bura alimshukuru Mungu kwa sauti. Mpaka saa sita mchana karakana nzima ilijua kwamba mtoto wangu amepona, na Mkanada akanipa pakiti ya biskuti nimpelekee.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena watu walinisaidia kuifagia. Waliuliza kwa upendo, nami nikajibu. Mwezi wa sita Fabiola alitoa meno mawili ya chini. Mwezi wa saba alianza kutambaa, akamwaga maziwa ya bibi yake, akamvuta Alfredi masharubu. Aliyeuliza kuliko wote alikuwa Letisia, kwa sababu naye alikuwa na mimba yake ya kwanza na alitaka kujua kila kitu: analala saa ngapi, uji alianza lini. Nilimjibu yote nikiwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwenye tumbo lake. Mimi nimelelewa Tlawi, nilijua ninachofanya. Mtoto wake alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini hilo halinipunguzii kitu.

Na kibaya zaidi, nilifurahi. Yalikuwapo majibu niliyoyatunga njiani nikija kazini, nikatabasamu peke yangu.

Katika wiki hizo hizo ndipo besi lilipokubali. Sikujua kwa nini. Jioni moja nilivuta moja, nikakandamiza, na badala ya kukimbilia mbele nikabaki naisikiliza ikipungua, ikipungua, mpaka nikaiona tatu imefika yenyewe. Nikarudia. Sauti ikipungua namna ile nilikuwa naona mahali pale alipokuwa akilazwa, na sikutaka kupajaza. Mzee Bashiri aliacha kupiga makofi.

"Hiyo," alisema polepole. "Hiyo ndiyo. Sasa unamwachia mwimbaji mahali pa kukaa."

Machozi yalinitoka. Nikamwambia ni makapi ya ngano. Akanipa leso yake, akasema makapi ya mwaka huu yamekuwa makali kweli.

Sherehe ilifanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, bwaloni. Walikuja wakubwa kutoka mkoani, wakuu wa mashamba mengine, wake zao na watoto wao. Pilau lilikuwa kwenye masufuria makubwa kana kwamba ni ya kuogeshea ndama. Letisia alisimama kushoto kwangu na gauni pana, tumbo limetangulia, akaimba wimbo wa taratibu ambao Mkanada alimfundisha. Nami nikapiga kwa mbili. Nyumbani, jirani, nyumbani. Sikuongeza kitu. Nilimlilia mwanangu pale, mbele ya watu mia mbili wanaokula pilau, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na lile besi lililokuwa likitetemeka kwenye mbavu zangu. Sijawahi kupiga vizuri vile. Watu walisimama kutupigia makofi, na Sulle akanikumbatia.

Mzee Bashiri alinivuta pembeni. Alikuwa na kanzu mpya, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa raha.

"Umekuwa mpiga besi, Baba Fabiola. Mimi sina zawadi ya kukupa wewe, kwa hiyo nimempa mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Una wangapi?" Akacheka. "Dada yangu Sada amenichagulia dukani kwake gauni la njano na viatu. Lori la kantini liliondoka jana asubuhi kufuata maharage Mbulu, nikampa dereva. Nimemwambia asimwachie mtu njiani. Apige hodi mpaka mlangoni, amwone mtoto kwa macho yake, aje atuambie amekuwa mkubwa kiasi gani."

Sikuaga. Niliondoka na shati la sherehe, nikapata lori la ngano, nikalala Dongobesh kwenye benchi la mgahawa. Jumapili mchana nilifika Tlawi, watu wakitoka misa. Waliponiona walishuka kando ya njia, wakanisalimia kwa mbali, macho yao chini. Kule kwetu kila mtu alijua mimi ni mfiwa.

Efrazia, jirani yetu, alikuwa anaagana na Hilaria mlangoni. Walikuwa wameshikana mikono. Nilisimama nikaangalia mikono ile. Miezi mitatu hakuna mtu aliyetakiwa kuushika mkono wa mke wangu, na sasa Efrazia alikuwa ameushika kama kawaida. Efrazia aliponiona aliuachia, akazunguka nyuma ya nyumba bila kunisalimia.

"Kaa hapo hapo," alisema Hilaria. "Usisogee. Mimi nimeshaoshwa."

Nikakaa kwenye jiwe la uani. Yeye akakaa kwenye kigoda mlangoni, kati yetu hatua kumi. Gauni la njano lilikuwa mapajani mwake, limekunjwa vizuri, viatu juu yake. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa.

"Dereva alikuja juzi. Miezi mitatu hakuna mtu aliyefika mlango huu, yeye akapiga hodi akaita Mama Fabiola. Akanipa hivi. Akasema wenzako wanakusalimia, na wanataka kujua mtoto amekuwa mkubwa kiasi gani. Akaniomba amwone."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia amelala."

Nilifunika uso kwa mikono.

"Akashusha sauti," Hilaria aliendelea. "Akasema basi nisimwamshe. Akavua viatu, akatembea kwa vidole mpaka kwenye lori, mtu mzima yule, asije akamwamsha. Na mimi nikasimama hapa nikamtazama, na kwa muda ule aliokuwa anatembea, nami nikaona kama amelala kweli." Akalainisha gauni kwa kiganja. "Ana meno mangapi huko kwako?"

"Mama Fabiola, nisamehe."

"Nimekuuliza."

"Manne."

"Anatembea?"

"Bado. Anasimama akishika kigoda."

"Anasema?"

"Anasema baba."

"Na mama?"

Miezi mitatu nilikuwa nampa mtoto yule meno na magoti ya kutambalia, nikamchekesha na kumkasirisha, na sikuwa nimempa hata neno moja la kumwita mama yake. Hilaria alisubiri. Alipoona sisemi, alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, ameng'ang'ania viatu vile vidogo, nami sikuruhusiwa kumsogelea. Ningeweza kuvunja ile desturi, hatua kumi si kitu. Lakini nilikuwa nimeshaivunja kila siku kwa miezi mitatu, na nilifikiri basi hata leo moja niitii. Mpaka sasa sijui kama huo ulikuwa ujinga au adabu.

Alipotulia alijifuta kwa upande wa khanga.

"Nilimweleza Alfredi, naye akawaita wazee jana. Akasema mtu mwenye mtoto hai hana msiba wa kumaliza. Wakaniosha peke yangu, tukaosha na nyumba. Mama yangu alishika upande wako wa ndoo."

"Nitakaa sasa. Nitakaa mwaka mzima wakitaka."

"Yoakimu," alisema. Tangu tuoane hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Hapa nilimzika mimi, nikamkalia mimi. Kule kwako bado yuko hai. Kamzike mwenyewe."

"Na nikirudi?"

"Ukirudi nitakuwa nimekwenda kwetu."

Akaingia ndani na lile gauni. Mlango aliufunga taratibu, ule mlango nilioutengeneza bila sababu, na haukutoa hata mlio.

Jumatatu asubuhi nilianzia getini. Bura aliponiona alinyoosha mkono, nami nikauweka wangu nyuma.

"Fabiola amekufa," nilisema. "Alikufa mwezi wa tano. Nilikudanganya."

Aliutazama mkono wake mwenyewe, ule alionipa kila asubuhi. Kisha akaenda kwenye bomba, akaanza kuunawa, na hakugeuka tena mpaka nilipopita.

Mzee Bashiri nilimkuta stoo. Nilimpa shikamoo, akaitikia akicheka, akaniuliza kama gauni lilimtosha. Nikamwambia. Alisema haiwezekani, dereva amefika jana na kusema mtoto alikuwa amelala. Nikamwambia tena. Alikaa juu ya sanduku la beringi, akalia kwa ajili ya mtoto ambaye hakumwona hata siku moja, na akaniuliza kitu kimoja tu, kama mke wangu alilipokea gauni mwenyewe kwa mkono wake. Nikasema ndiyo. Akasema, "Nimefanya nini, Mola wangu." Hakuwa amefanya kitu. Nilimwambia hivyo.

Sulle nilimwambia kwenye mlango wa karakana. Hakunipiga, ingawa nilimsubiri anipige. Alinisukuma kando kwa bega akakimbilia ofisini, nami nikamfuata, kwa sababu Letisia alistahili kulisikia kutoka kwangu.

Alikuwa kwenye taipu. Nilisimama mlangoni, mbali, nikasema yale yale: amekufa, tangu mwezi wa tano. Kabla sijamaliza, alikuwa ameshasukuma kiti mpaka ukutani, mikono yote miwili juu ya tumbo, na Sulle amesimama kati yetu. Nilitegemea anitukane.

"Lakini ulisema anatambaa," alisema.

"Hapana, Letisia. Hakuwahi kutambaa."